Ateri ya Katikati

Daktari Lanting alipobandika mchoro ule ukutani na kutangaza kwamba Alhamisi atakata kwa kuufuata, Hilje Bolhuis alijishikiza kwenye ukingo wa sinki. Hakuna aliyemwona. Nani amtazame? Pale kwenye nyumba ya anatomia watu walitazama michoro yake, yeye mwenyewe hapana, na kwa miaka kumi na saba jambo hilo halikuwahi kumsumbua.

Mchoro ulikuwa wa paji la uso, umekatwa wazi ili ateri zinazolisha mfupa zionekane. Mbili zilikuwa zile ambazo kila mwanafunzi anazijua: zinachomoza juu ya jicho, moja karibu na pua, nyingine mbali nayo kidogo, zinapanda na kugawanyika mpaka kwenye nywele. Ya tatu ndiyo ilikuwa mpya. Ilichomoza juu ya mzizi wa pua, ikapanda wima katikati ya paji, nyembamba, inayozidi kuwa nyembamba, ikaingia ndani ya mfupa. Chini yake, kwa mkono wa Hilje mwenyewe, paliandikwa: ateri ya Ensing.

"Zamani," Lanting aliwaambia wasaidizi wake, "tukitengeneza pua tulikuwa tunabeba shina pana kama kiganja. Ngozi inajikunja, mgonjwa anabaki na uvimbe kati ya macho mpaka anazikwa nao. Sasa Profesa Ensing ametufungulia njia. Shina la upana wa kidole kimoja, katikati kabisa. Hizi mbili za pembeni nazikata na usingizi napata."

Yule bwana hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama madaktari wote wa upasuaji wa mwaka ule wa elfu moja mia tisa na tisa, na alikuwa na mikono ya kuonewa wivu. Kazi yake ilikuwa hivi: anachora kipande cha ngozi kwenye paji la mgonjwa asiye na pua, anakikata pamoja na ganda jembamba la mfupa, anakigeuza chini kiwe pua. Kipande hakitengwi kabisa. Kinaachiwa shina kwenye nyusi, na damu hupitia hapo kwa wiki tatu mpaka pua ishike. Damu isipopita, kipande kinakuwa cheusi na kuoza. Hapo mgonjwa hana pua, na paji nalo hana.

Na damu isingepita. Ile ateri ya katikati haikuwepo.

Hilje alijua kwa sababu ndiye aliyeitengeneza. Tangu mzee aliyekuwa akijaza mishipa nta afariki, kazi ile ilimwangukia yeye: unakipasha moto kichwa cha maiti ndani ya maji kwa saa nyingi, unayeyusha nta nyekundu, unaisukuma kwa bomba kupitia ateri ya shingo. Nta ikishaganda, unaloweka kila kitu ndani ya asidi. Nyama inaondoka, mfupa unaondoka, kinabaki kimti chekundu cha nta, tawi kwa tawi. Februari ile makaa yalikuwa na unyevu na jiko lilizimika mara mbili. Kichwa kilikuwa bado baridi katikati, na nta ikakwama. Ilimpasa aache, apashe tena, apoteze siku nzima. Badala yake akasukuma. Akasikia chini ya kidole gumba kitu kikiachia, kidogo tu. Kila aliyewahi kushika bomba lile anajua maana yake: ndani kuna kitu kimepasuka.

Siku kumi baadaye akakiinua kile kimti kutoka kwenye asidi, na katikati pana uzi mwekundu uliopanda wima. Hakuhitaji hata kuuinamia. Ateri hupungua kadiri inavyokwenda. Uzi ule ulikuwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho, wenye vinundu. Nta ilikuwa imepasua ukuta wa mshipa na kuingia kwenye vijia vya vena ndani ya sponji ya mfupa. Uchafu tu. Alipaswa kuukata kwa mkasi na kuendelea na kazi.

Lakini profesa alikuwa ameketi pale kwenye kiti chake. Wigbold Ensing alikuwa ameitafuta ateri ile kwa miaka sita. Alikuwa ameiandika kabla ya kuiona, wenzake wa Berlin na Paris wakamcheka wazi wazi, na sasa alikuwa na miaka sabini na moja. Tena alikuwa haoni. Hilo alilijua Hilje peke yake. Miaka mitatu giza lilikuwa likimfunika kutoka katikati ya macho kwenda nje, na kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea barua. Mbele za watu alimtangulia hatua moja, na kwenye ngazi alikohoa, kikohozi kimoja kwa kila kidato, ili mzee ahesabu. Watu walidhani ana kifua kibovu. Mke wa mlinzi alikuwa akimletea asali.

"Niambie," profesa alisema siku ile. "Ipo?"

Alikuwa ameyashika magoti yake kwa mikono miwili. Hilje aliiona. Huyu ndiye mtu aliyemtoa kwenye nyumba ya baba yake mlinda milango ya maji kwenye mfereji, akiwa na miaka kumi na tisa, hajui lolote ila kuchora bata kwenye karatasi za unga, akamfundisha kila kitu. Roho ilimuuma.

"Ipo, Profesa."

"Inapungua?"

"Inapungua."

Basi. Maneno mawili ya huruma, na mengine yote yakafuata. Mzee alikipokea kimti, akakipitisha vidoleni polepole, kisha akasema, "Nzuri." Na Hilje akaketi na brashi yake nyembamba kuliko zote, akachora uzi unaopungua. Mkono wake ulikuwa umeshachora maelfu ya ateri. Ulipunguza wenyewe, vizuri mno, hata yeye alipoutazama mchoro aliuamini nusu.

Jumanne akapelekwa wodini kumchora mgonjwa kabla ya kukatwa, kama ilivyokuwa desturi. Mgonjwa aliitwa Fenna Moorlag, miaka ishirini na miwili, mfanyakazi wa kiwanda cha wanga wa viazi. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika na kumpiga usoni. Alikuwa amejifunga kitambaa kuanzia machoni kwenda chini, na alikifungua bila kuombwa.

"Tazama tu, dada, usiogope. Haumi tena."

"Siogopi. Geuka kidogo dirishani."

"Hivi watanipa pua ya namna gani? Mama anataka ifanane na ya shangazi. Ya shangazi ni kama kiazi. Nimemwambia viazi nimeshavichoka."

Hilje alicheka kabla ya kujizuia. Fenna akacheka pia, na pale ambapo pua ingekuwapo hewa ilipiga mluzi mdogo, akaweka mkono haraka.

"Samahani. Huwa inalia nikicheka. Ndiyo maana sicheki kanisani." Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Dada, paji langu litabaki na kovu?"

"Litabaki."

"Hilo si neno, nitashusha nywele. Paji ndilo pekee ninalojivunia. Kuna kijana alishawahi kulisifu." Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa. "Wewe umeziona kazi za daktari huyu. Zinashika?"

Penseli ya Hilje ilisimama. Hapo ndipo pa kusema. Aseme nini? Kwamba daktari anafuata mchoro, mchoro ni wake, na ni uongo? Wangemuuliza kwa nini profesa hakuuona uongo huo, na profesa alikuwa ameshawaandikia watu wa nchi tatu kwamba ateri ile ameiona kwa macho yake.

"Mikono yake ni mizuri," alisema, na akajichukia.

Alijaribu kwa Lanting siku ileile, kwenye korido. Alimwambia labda ingefaa kuacha shina liwe pana zaidi, kwa tahadhari tu. Lanting alimpiga begani kidogo, kirafiki. "Bi Bolhuis, mimi sikufundishi kuchonga penseli. Mzee amesema ameiona." Akaenda zake.

Jumatano mchana akaenda kwa profesa. Alimkuta kando ya jiko la kauri chumbani kwake, sahani ya supu ya njegere imepoa mbele yake. Hakuzungusha maneno.

"Profesa, ile ateri haipungui."

"Najua," mzee alisema.

Hilje alidhani hakumsikia vizuri. "Ni nta iliyopasuka. Ni mimi niliyesukuma."

"Najua, Hilje. Nilikishika siku ileile. Vidole havihitaji taa." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Hilje hofu.

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Jiko liliguruma kidogo. Hilje alikuwa amebeba uongo ule tangu Februari akidhani anamlinda mzee, kumbe mzee naye alikuwa amekaa humohumo akimwacha aubebe. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

"Kuna msichana, Profesa. Kesho saa tatu. Ana miaka ishirini na miwili."

"Lanting ana bahati. Huenda damu ikapata njia nyingine. Paji lina njia nyingi."

"Huamini hayo."

Mzee aliisukuma sahani kando. Alinyoosha mkono. "Nipe kile kimti."

Na alimpa! Hapo ndipo unapoona mazoea yanavyoweza kumfunga mtu. Miaka kumi na saba akiambiwa nipe, alitoa, na mkono wake ukafungua kabati, ukakileta, kabla kichwa hakijauliza kwa nini. Profesa alipapasa bamba la chuma juu ya jiko, akakiweka hapo taratibu kama mtu anayeweka yai. Matawi madogo yalilegea kwanza. Kisha ule uzi wa katikati, kisha shina zima, na nta nyekundu ikatambaa kwenye bamba na kuanza kudondoka sakafuni.

"Sasa hakuna cha kubishania," alisema. "Ukisema lolote, utakuwa unabishana na mkono wako mwenyewe. Niletee kahawa, tafadhali."

Akamletea. Ndiyo, akamletea, akaweka na sukari. Kisha akateremka sakafuni na kisu kuikwangua nta, na alipokuwa akikwangua ndipo akakumbuka kwamba kesho, kabla ya daktari kushika kisu, kuna mtu mwingine anayeshika kalamu.

Kwenye chumba cha upasuaji daktari hakuchora mstari wa kukata. Lanting alikuwa na mkono wa kukata, si wa kuchora, na alilijua hilo. Tangu mwaka wa kwanza alimwita Hilje na wino wake wa zambarau, naye alichora kipande chote juu ya ngozi ya mgonjwa, mwisho wa shina ukiwemo. Lanting alikata palipo na wino.

Alhamisi saa tatu kasoro dakika chache Fenna alikuwa amelala mezani, bado macho, chupa ya klorofomu ya usingizi ikisubiri. Hilje aliinama. Aliweka ncha ya kidole kwenye mwanzo wa nyusi ya kulia, pale penye kijishimo kwenye ukingo wa mfupa, akangoja. Ikadunda. Ateri ya kweli, ile ya karibu na pua, ya kila kitabu.

"Mkono wako baridi, dada," Fenna alisema.

"Utapata joto. Tulia."

Akachora. Shina lilikuwa la upana wa kidole kimoja, kama daktari alivyotaka, lakini halikukaa katikati. Alilisogeza kulia mpaka likaiweka ile ateri ndani ya mistari miwili ya zambarau. Wino ulipokauka Lanting akaja, akainamisha kichwa.

"Mbona kama limelalia upande?"

"Paji lake halijakaa sawa tangu ajali," Hilje alisema. "Nimefuata kilichopo."

Lanting alitazama tena. Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini kwenye mabenchi na saa ilikuwa inakimbia. "Haya. Jicho ni lako," akasema, na akafanya ishara kwa mtu wa klorofomu.

Pua ilishika. Siku ya tatu ilikuwa ya waridi, siku ya kumi Fenna alidai kioo, siku ya kumi na mbili alidai kingine kikubwa zaidi. Hilje alikwenda kumtazama kila asubuhi, na kila asubuhi alitoka akiwa mwepesi, mpaka ile siku Lanting alipomwonyesha barua aliyoipeleka kwenye jarida. Ateri ya Ensing imethibitishwa juu ya mgonjwa aliye hai, iliandikwa. Nakala za mchoro zilishaombwa kutoka miji saba.

Lo. Kumbe alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake. Amemwokoa msichana mmoja, na kwa kumwokoa ameupa uongo ushahidi. Huko kwingine hakutakuwa na Hilje wa kusogeza wino. Watakata katikati, kwa kuufuata mkono wake mzuri.

Wiki ya tatu, asubuhi, kabla shina halijakatwa, Lanting aliwakusanya watu kwenye ukumbi. Fenna aliketi kwenye kiti katikati, kipande cha ngozi kikishuka kutoka nyusi yake kwenda kwenye pua mpya kama mpini mdogo. Hilje alikuwa kando na ubao wake wa kuchorea. Profesa alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti jeusi, na watu walipopiga makofi alisimama akainama kidogo, upande usio na mtu.

Mgeni kutoka mji wa Gent, daktari mnene mwenye ndevu safi, aliinua mkono.

"Nawashukuru sana. Ninao wagonjwa wawili, nitawafanyia wiki ijayo kwa njia hii. Mmoja ni mtoto wa kike wa miaka tisa."

Hilje aliweka ubao chini.

"Msifanye," alisema.

Vichwa viligeuka. Wengi wao walikuwa wakiisikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Mstari wa Fenna haukuwa wa katikati, Daktari Lanting. Niliusogeza. Hiyo pua inalishwa na ateri ya kawaida ya upande wa kulia. Ya katikati haipo."

Lanting alitabasamu kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. "Bi Bolhuis, si wewe uliyeichora?"

"Ni mimi. Niliichora ikipungua na haikupungua. Ilikuwa nta iliyopasuka, na niliisukuma mimi."

"Kiko wapi kimti chenyewe, tukione?"

"Kimeyeyuka."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Lanting alianza kuwa mwekundu shingoni, na Hilje akaona kwamba dakika moja tu zaidi atatolewa nje, na mtoto wa Gent atakatwa.

"Profesa na ashike mwenyewe," alisema. "Shina lipo, linadunda. Afuate unakotoka mdundo. Vidole vyake ninaviamini kuliko mchoro wowote niliochora."

Watu wote wakamtazama profesa. Angeweza kukataa. Angeweza kusema mwanamke huyu ana homa, na wangemwamini. Badala yake alisimama na kwenda mbele hatua nne, tano, bila kikohozi cha kumwongoza, mkono umenyooshwa. Mkono ulipita kando ya uso wa Fenna na kushika hewa. Ukarudi, ukapita tena. Ukumbi mzima uliona.

Hilje alishindwa kusogea. Alikuwa amejua kwamba hili litatokea, na bado lilimchoma.

Fenna ndiye aliyeinua mkono, akavishika vile vidole vya mzee na kuviweka juu ya paji lake. "Hapa, babu," alisema. "Pole pole tu, bado pana kidonda."

Profesa aliinamisha kichwa. Vidole vilishika shina, vikangoja, vikateremka kidogo kidogo, vikangoja tena, mpaka vikafika kwenye kijishimo juu ya jicho la kulia vikatulia hapo. Hakuna aliyekohoa.

"Inatokea jichoni," alisema. "Upande wa kulia. Ni ile ya zamani."

"Na ya katikati, Profesa?" mgeni wa Gent aliuliza kwa upole.

"Kimti chake nilikishika Februari. Bi Bolhuis anasema kweli. Haipo, na mimi nilijua." Alitoa mkono kwenye paji la msichana, akaufuta kwenye koti bila sababu. "Hilje yuko wapi?"

"Nipo hapa, Profesa."

"Nipeleke nyumbani."

Hilje akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakatembea kati ya mabenchi. Nyuma yao mgeni wa Gent alikuwa akiomba karatasi ya kuandika telegramu ya kwenda kwao. Kwenye mlango wa nje mzee alisita, mguu ukitafuta ukingo, akisubiri kikohozi.

"Vidato vitatu," Hilje alimwambia, kwa sauti ya kawaida. "Cha kwanza hiki hapa."